Kampa, chemchemi za maji moto na miji ya migodi: jibu kwa familia inayokwenda jangwani Januari

Swali

"Shikamoo mzee. Sisi ni Watanzania wa Mbeya, tunaishi Minnesota. Januari tuna likizo ya siku kumi. Tunataka kukodi kampa (gari la kulala ndani) Las Vegas, tuzunguke kwenye chemchemi za maji moto na miji ya zamani ya migodi: Tecopa, Death Valley, Rhyolite, Goldfield, Tonopah, na ikiwezekana tufike Gerlach kaskazini. Tutakuwa mimi (ni muuguzi), mume wangu, kijana wetu wa miaka tisa anayependa sana habari za migodi, na mama mkwe ambaye ana presha. Watu wanatuambia jangwani hakuna baridi. Je, maji ya kampa yanaweza kuganda? Mama anaweza kuoga maji ya moto? Na kijana tumpeleke wapi aingie mgodini?"

Jibu

Marahaba mwanangu. Nendeni, na Januari ndio wakati wenyewe. Pale Furnace Creek, ndani ya Death Valley, ndipo kipimajoto kiliposoma nyuzi 56.7 za Selsiasi tarehe 10 Julai 1913, joto kubwa kuliko lote lililowahi kuandikwa duniani. Mchana wa Januari mahali hapohapo huwa kama nyuzi 19 au 20, anga safi, na mama mkwe anaweza kukaa nje saa nzima bila kutafuta kivuli. Ila Gerlach iondoeni kwenye mpango. Kutoka Las Vegas ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, mnapita nyanda za juu zenye upepo na theluji, na jua la Januari linazama karibu saa kumi na moja jioni. Mtamaliza likizo mkiwa kwenye usukani.

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza kampa huku kusini mwa Nevada. Familia zinazorudi zimechoka na kukasirikiana mara nyingi hazikushindwa na barabara wala na jangwa lenyewe. Zilishindwa na usiku. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye usiku kabla sijafika kwenye maji na migodi.

Waliowaambia jangwani hakuna baridi wanazungumzia mchana. Hewa ya jangwani ni kavu na mara nyingi haina mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee, kwa hiyo jua likizama ardhi inapoa haraka mno. Na kinachoamua itapoa kiasi gani ni mwinuko. Furnace Creek iko kama mita 60 chini ya usawa wa bahari, na Badwater, kusini yake kidogo, iko mita 86 chini, sehemu ya chini kuliko zote Amerika Kaskazini. Tecopa iko mita 400 hivi juu ya bahari. Beatty, mji wa kulala kwa wanaokwenda Rhyolite, uko karibu mita 1,000. Goldfield inapita mita 1,700, na Tonopah mita 1,800. Kila mkipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi sita au zaidi kidogo. Matokeo yake, usiku mmoja wa Januari Furnace Creek inaweza kuwa na nyuzi 5 juu ya sifuri huku Tonopah ikiwa nyuzi 7 chini yake. Nyinyi watu wa Mbeya mnalijua jambo hili tangu utotoni: Kyela mtu analala na shuka, Mbeya mjini mwezi wa saba anatafuta blanketi la pili, na mkoa ni mmoja.

Ndiyo maana nawaambia mahali pa kulala pachagueni kwa mwinuko, umbali uje baadaye. Laleni chini, pandeni mchana, mshuke kabla ya giza. Kwa siku kumi zenu mngelala Tecopa siku tatu, Furnace Creek siku tatu, Beatty siku mbili, na usiku wa mwisho Pahrump ili kesho yake mrudishe gari Las Vegas bila haraka. Goldfield na Tonopah muende asubuhi kutokea Beatty na kurudi jioni. Ni kilomita 150 hivi kwenda, barabara ya 95 ni ya lami na imenyooka. Mzunguko wote, pamoja na matembezi ya ndani ya Death Valley, unafika kama kilomita 900, na kampa ya kukodi hunywa lita 25 hadi 30 za petroli kwa kila kilomita 100. Jazeni tanki Pahrump, maana ndani ya Death Valley bei ya mafuta inapaa.

Sasa kampa yenyewe. Wakodishaji wengi watawaonyesha hita ya gesi, watawaambia mtungi umejaa, na nyinyi mtaondoka mkiamini joto lipo. Hawaambii watu kwamba hita ile ina feni, na feni inakula betri. Fanyeni hesabu nami. Feni inavuta kama ampea 8. Usiku wa Januari una saa 14 za giza. Tuseme hita inawaka na kuzima, jumla yake ikawa saa sita tu za kuvuma. Hizo ni ampea-saa 48. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 haipaswi kutumika zaidi ya nusu, yaani 50. Basi usiku mmoja wa hita peke yake umeimaliza, hujahesabu taa, pampu ya maji wala simu nne zinazochajiwa. Saa tisa za usiku feni inakata, mtungi umejaa gesi, na watu wanaanza kutetemeka wakidhani gesi imekwisha. Mchana wa Januari ni mfupi na jua liko chini, kwa hiyo paneli ya jua juu ya paa haitairudishia betri yote iliyotumika.

Dawa ni kulala kwenye kambi yenye umeme wa kuchomeka, hasa Beatty. Mkishachomeka, betri inachajiwa muda wote, na mnaweza kutumia hita ndogo ya umeme kupunguza gesi. Pale Furnace Creek nafasi zenye umeme ni chache. Mkizikosa, chajini betri kwa jenereta ndani ya saa zinazoruhusiwa kambini, shusheni hita hadi nyuzi 15, kisha mlale na mablanketi mazito. Baridi ya pale inavumilika kwa namna hiyo.

Maji. Tecopa na Furnace Creek si rahisi maji ya ndani ya kampa yagande. Beatty inawezekana, na kinachoganda kwanza ni mpira wa nje unaoleta maji kutoka bombani. Jioni jazeni tanki la ndani, chomoeni mpira, mwageni maji yake, muuweke ndani, na usiku mtumie pampu. Fungueni milango ya kabati chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye mabomba. Matanki ya maji machafu yako chini ya gari, yanapigwa na upepo. Yamwageni kwenye kituo kabla ya kwenda Beatty, na msiache vali ya tanki la choo wazi, kwa sababu maji yatatoka na kinyesi kitabaki kimekauka ndani.

Kabla hamjatoka kwenye yadi ya kukodi, ulizeni kama kampa imelazwa kwa majira ya baridi. Ikiwa ndiyo, mabomba yana dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, na inabidi isafishwe kwa maji mengi kabla ya mtu kunywa au kupika. Waambieni pia wawashie hita iungurume robo saa mbele yenu. Hita ikigoma pale, itengenezwe palepale.

Jambo la mwisho la usiku ni lile ambalo limetuzikisha ndugu sisi watu wa jiko la mkaa. Usiku ukiwa mkali mtu anashawishika kuwasha plati za jiko la gesi ili chumba kipate joto. Msifanye hivyo hata kwa dakika kumi, wala msiingize mkaa wa kuchomea nyama ndani eti umebaki majivu. Moshi usioonekana wa kaboni monoksaidi haunuki. Bonyezeni kitufe cha king'ora chake siku ya kwanza mkisikie kinalia, na acheni tundu la paa wazi kidogo usiku kucha. Tundu hilo linasaidia pia unyevu wa pumzi za watu wanne utoke, la sivyo asubuhi madirisha yanachuruzika na magodoro yanalowa.

Urefu wa gari chukueni usiozidi futi 25. Ndani ya Death Valley, barabara ya Artists Drive na ile ya mwisho ya kupanda Dante's View zinakataza gari refu kuliko hapo, na hizo ndizo sehemu mbili ambazo mngesikitika kuzikosa. Someni pia mkataba wenu kuhusu barabara za vumbi, maana kampuni nyingi zinazikataza. Ndiyo sababu sikutaja chemchemi za Saline Valley, zinazosifiwa sana: njia yake ni ndefu, ya mawe, na si ya kampa ya kukodi.

Nije kwenye lile ambalo nadhani litamfurahisha kijana. Kwa nini eneo hili lina chemchemi za moto na migodi pamoja? Nevada na mashariki ya California zinavutwa, upande mmoja kwenda magharibi na mwingine mashariki, na gamba la dunia limekuwa jembamba na limepasuka kwa nyufa ndefu. Maji ya mvua na theluji yanazama kwenye nyufa hizo kilomita kadhaa, yanapashwa na miamba ya chini, yanapanda tena yakiwa moto. Ni nguvu za jamii ileile inayolipasua Bonde la Ufa la kwetu na kuleta maji moto ya Songwe. Lakini hapa kuna jambo ambalo kwetu Mbeya halipo. Dhahabu ya Lupa kule Chunya, iliyovuta watu miaka ya 1920 na 1930, imo kwenye miamba ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni moja. Ni jirani tu wa maji ya Songwe. Nevada dhahabu na maji moto ni ukoo mmoja. Kama miaka milioni 20 iliyopita volkano zilikuwa zikifanya kazi Goldfield na Tonopah, na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa zake ndiyo yaliyobeba dhahabu na fedha yakaziacha kwenye mawe yalipopoa. Ya Rhyolite ilifuata baadaye. Chemchemi mtakazoogea leo si yale maji ya zamani, ila kazi ni ileile. Mwambieni kijana akiwa amekaa ndani ya maji Tecopa aangalie ile chumvi nyeupe iliyoganda ukingoni, kisha Tonopah mwonyesheni mshipa wa kwatzi mweupe katikati ya mwamba. Ataelewa bila darasa.

Tecopa ni kijiji kidogo sana upande wa California, kimepewa jina la kiongozi wa Wapaiute, wenyeji wa asili wa huku, na milima yake ilichimbwa madini ya risasi na fedha. Maji yanatoka ardhini yakiwa moto zaidi ya nyuzi 40. Kuna mabafu ya zamani ya umma, na kuna kambi za watu binafsi zenye vidimbwi vyao. Desturi ya mabafu ya zamani naiandika wazi ili mama mkwe asishtuke mlangoni: wanawake upande wao, wanaume upande wao, mnaoga kwanza kwa sabuni, kisha mnaingia bila nguo. Wenyeji wamezoea hivyo na hakuna anayemwangalia mwenzake. Kwa mama wa Kitanzania aliyefuatana na mkwe wake hilo halitawezekana, na hakuna sababu ya kumlazimisha. Ulizeni kambi yenye chumba cha kuogea cha faragha kinachokodiwa kwa saa. Mtaingia wawili wawili kama mnavyotaka.

Maji ya kunywa msichukue Tecopa bombani. Maji ya chini ya ardhi pale yana aseniki na floraidi nyingi, na wanakijiji wenyewe hununua maji yaliyosafishwa. Floraidi hiyo ndiyo inayowapa watu wa Arusha na Meru meno ya kahawia, na asili yake ni ardhi ya namna moja. Jazeni madumu Las Vegas au Pahrump, lita nne kwa mtu kwa siku, na ziada ya siku mbili. Kuoga hakuna neno.

Karibu na Tecopa kuna bonde lenye shamba la mitende, China Ranch. Njia ya kushukia ni nyembamba, ulizeni kwanza kama urefu wa gari lenu unafaa. Tende za Medjool mtakazoonja kule zina historia yake Nevada: mwaka 1927 machipukizi 11 yaliletwa Marekani kutoka Morocco, ambako ugonjwa ulikuwa ukiua mitende, yakatengwa miaka kadhaa kusini mwa Nevada ili kuhakikisha ni mazima. Yalipona tisa. Mashamba makubwa ya Medjool ya California na Arizona yalianza na hayo tisa.

Sasa mama na presha. Wewe ni muuguzi, unajua nitakachosema, lakini mama anaweza kukubali zaidi likiandikwa na mtu wa nje. Maji ya moto yanapanua mishipa, presha inashuka, na dawa za presha zinaishusha pia. Hatari kubwa ni pale anapoinuka ghafla: kichwa kinakuwa chepesi, sakafu ni ya saruji na imelowa. Kabla ya safari amuulize daktari wake, ataje dawa kwa majina. Daktari akiruhusu, achague kidimbwi cha nyuzi 38 badala ya 40 na kitu, akae dakika kumi, maji yamfike kifuani tu, kisha akae ukingoni dakika tano ameshikwa mkono ndipo asimame. Anywe maji kabla na baada. Asiingie mara baada ya kula ubwabwa wa kushiba, na asiingie peke yake hata siku moja. Kama ana kisukari pia, msiiamini miguu yake kupima joto: mpimie wewe kwa kiwiko. Akitoka nje hewa ina nyuzi 3, na kanga mbili hazitoshi. Abebewe koti la kuogea zito, soksi na kofia ya sufu.

Kijana naye apate joto kwa vipindi vifupi, kwa sababu mwili wa mtoto unapata moto haraka. Na sheria moja isiyo na mjadala, kwake na kwenu: kichwa kisizame majini. Kwenye maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa anaweza kuwemo amiba aitwaye Naegleria fowleri. Hadhuru akimezwa, anadhuru akipandia puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini anayeambukizwa karibu kila mara hufariki, na Nevada imepoteza mtoto kwa njia hiyo mwaka 2023. Kuogelea kwa kupiga mbizi kuacheni hadi kwenye bwawa lenye klorini.

Death Valley nitaipitia upesi kwa sababu ina vibao vizuri na walinzi wanaojibu maswali. Beba kadi ya benki, lango halipokei fedha taslimu. Kijana apelekwe Harmony Borax Works, karibu na barabara kuu: kati ya 1883 na 1888 boraksi, aina ya chumvi ya madini, ilisafirishwa kutoka hapo hadi reli ya Mojave, kilomita 265, kwa mabehewa yaliyovutwa na nyumbu 18 (wale wanaozaliwa na punda na farasi) na farasi wawili, na magurudumu ya nyuma yanampita mtu mzima kimo. Waliokwangua chumvi ile kwa mikono walikuwa hasa vibarua wa Kichina. Bwawa la hoteli pale Furnace Creek linajazwa na chemchemi ya vuguvugu, mama atalipenda. Na kumbukeni kwamba mnalala kwenye nchi ya Watimbisha Shoshone, wenyeji wa asili, ambao kijiji chao kipo palepale. Bunge la Marekani liliwarudishia sehemu ya ardhi kwa sheria ya mwaka 2000. Msiingize gari kijijini kupiga picha za nyumba za watu.

Beatty mtapokewa na punda. Wanatembea mjini, wamezaliwa na punda wa watafuta madini, na tangu 1971 wanalindwa na sheria ya nchi nzima. Punda wote wa kufugwa duniani, kwa asili, wametoka pembe yetu ya kaskazini-mashariki mwa Afrika, na huku wamepata nyumba. Msiwalishe, na msiendeshe usiku, kwani wanasimama katikati ya lami na rangi yao haionekani. Kaskazini ya mji, kandokando ya barabara ya 95, kuna chemchemi yenye kambi na vyumba vya kuogea vya faragha. Pigeni simu kabla.

Kutoka Beatty hadi Rhyolite ni kilomita sita au saba. Dhahabu ilipatikana karibu na hapo Agosti 1904, mji ukaanza mwaka uliofuata, na ndani ya miaka mitatu ulikuwa na reli, umeme, shule na benki ya ghorofa tatu. Kisha mtetemeko wa San Francisco wa 1906 na msukosuko wa fedha wa 1907 vikakausha mitaji, mgodi mkubwa ukafungwa 1911, na 1916 umeme ukakatwa. Kuta za ile benki bado zimesimama, nyembamba, anga linaonekana kupitia madirishani. Kuna pia nyumba iliyojengwa mwaka 1906 kwa maelfu ya chupa, kwa sababu mbao hazikuwepo ila chupa za baa zilikuwepo tele. Fikeni saa kumi alasiri, mwanga ukiwa mlalo. Msipande kuta, na kijana asiokote hata msumari wenye kutu: kuokota vitu vya kale kwenye ardhi ya umma ni kosa, na mabaki hayo ndiyo yanayosimulia.

Goldfield ningeomba msiipite haraka. Leo ina watu mia chache. Karibu mwaka 1906 ilikuwa na watu kama 20,000, mji mkubwa kuliko yote Nevada. Moto wa 1923 uliteketeza sehemu kubwa, lakini jengo la mahakama la 1907 bado linafanya kazi na hoteli kubwa ya 1908 imesimama tupu. Mweusi akifika Goldfield ana sababu yake mwenyewe ya kusimama. Tarehe 3 Septemba 1906, chini ya jua, Joe Gans wa Baltimore, bingwa wa dunia wa uzani mwepesi, Mwafrika-Mmarekani, alipigana hapo na Battling Nelson kwa raundi 42. Mtayarishaji alikuwa Tex Rickard, aliyeweka dola 30,000 za sarafu za dhahabu dirishani ili watu wazione. Nelson alitolewa kwa kupiga chini ya mkanda, Gans akabaki na taji. Bingwa alikuwa Gans, lakini aliyeahidiwa fungu kubwa la fedha ni Nelson, karibu maradufu. Gans alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1910. Migodi ya eneo hili imeandikwa kama hadithi ya wazungu wenye ndevu na punda, na ni vizuri kijana wenu ajue nani alisimama kwenye ulingo ule kwa karibu saa tatu.

Tonopah ndipo jibu la swali lake lilipo. Mgodi wowote ulio wazi porini msimwingize, wala nyinyi msichungulie. Nevada ina makumi ya maelfu ya mashimo yaliyoachwa. Mbao za juu zimeoza chini ya changarawe na mtu hajui amesimama juu ya nini. Ndani kuna hewa isiyo na oksijeni isiyonuka wala kuonekana, na mara nyingine baruti ya zamani inayotoa jasho la nitrogliserini, ambayo hulipuka ikiguswa tu. Mbeya mnajua mashimo ya wachimbaji wadogo yanavyofukia watu. Haya hayana hata wa kuja kuwafukua. Ila katikati ya mji wa Tonopah kuna hifadhi ya kihistoria ya uchimbaji, juu ya viwanja vilevile vya kuchimba madini ya fedha alivyovipata mtafuta madini Jim Butler mwaka 1900. Mashimo yamefunikwa kwa vyuma, winchi na minara ya kushushia watu ipo, na kijana atachungulia mshipa uliochimbwa bila nyinyi kushikilia pumzi. Thibitisheni saa za majira ya baridi kabla ya kupanda. Ondokeni Beatty saa mbili asubuhi, na saa tisa alasiri gari liwe linateremka. Kama utabiri unasema upepo mkali, ahirisheni siku: kampa ina ubavu mrefu na barabara ya 95 haina kizuizi.

Simu haitashika sehemu nyingi, kwa hiyo pakueni ramani mkiwa bado Las Vegas na mwachieni mtu wa Minnesota ratiba yenu ya kila usiku.

Hatua ya kwanza ni kupata nafasi Furnace Creek. Zinauzwa hadi miezi sita kabla na zenye umeme huisha mapema. Zikiisha, kambi ya Sunset iliyo jirani ni kubwa na hufunguliwa majira haya, haina umeme, hapo mtafuata ile hesabu ya betri. Mkishapata tarehe za Furnace Creek, za Tecopa na Beatty zipangeni kabla na baada yake.